Mshale Ulicheza, Mama Devota Hakulala

Siku moja ninaikumbuka kuliko zote, mwanangu, na siikumbuki kwa raha. Ni siku niliyopewa kalamu nisaini uongo, na kalamu yenyewe ilikuwa nzuri.

Nilikuwa kijana, fundi umeme niliyetoka chuoni na cheti ambacho wino wake haujakauka. Niliajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha kukaushia kahawa, huku kwetu Ngara, upande wa Bugarama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvuta waya wa kipimajoto kutoka kwenye mtambo mpaka kwenye saa ya kipimo, yenye mshale wa kuonyesha joto, pale alipokaa Mama Devota, mwendeshaji wa mtambo. Mama huyu alichochea tanuru kwa kuufuata mshale. Ukishuka anaongeza maganda ya kahawa motoni, ukipanda anapunguza.

Sasa, sisi watoto wa wakulima kufunga mzigo hatufundishwi. Kuni, majani ya kuezekea, vyote kamba ya mgomba, mzigo mmoja, basi. Nikauchukua waya wa kipimajoto nikaulaza ubavuni mwa waya mnene wa mota ya feni, nikazifunga pamoja njia nzima, kila hatua fundo. Umoja ni nguvu! Waya ule ulikuwa na wavu wa kuukinga, nao nikauunga kwenye ethi, ule waya uendao ardhini, ncha zote mbili, maana mbuzi wa kamba mbili hatoroki. Kila aliyepita alisifu kazi, nami nikavimba kichwa.

Baada ya siku mbili Mama Devota akaniita. "Fundi, mshale unacheza kila feni ikiwaka. Feni ikizimwa, unatulia."

Mwanangu, mama yule alikuwa amenitajia ugonjwa na chanzo chake kwa pumzi moja. Nami nikamjibu, "Mama, wewe tazama moto wako. Umeme niachie mimi." Naona aibu mpaka leo.

Wiki haikuisha, kahawa ikaungua. Mshale ulishuka kwa uongo, mama akaongeza maganda kama alivyoagizwa. Meneja akasema alisinzia kazini, aondoke. Akaniletea karatasi nisaini kwamba kipimo ni kizima. Nikaomba siku moja. Usinifanye shujaa, niliogopa tu kusaini nisichokijua.

Nikapanda basi hadi Biharamulo mjini kwa Mzee Salumu, fundi redio, ambaye babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza mkasa wote, mshale, feni na mama anayefukuzwa, na nilivyozifunga zile nyaya, bado nikitaraji sifa. Akaweka bisibisi chini.

"Umeme wa kipimajoto ni mnong'ono," akasema. "Wa mota ni ngoma. Umemlaza mnong'onaji kitanda kimoja na mpiga ngoma, halafu anafukuzwa msikilizaji? Nani aligundua kwamba ni feni?"

"Mama Devota."

"Basi fundi ni yeye. Wewe ni mfunga kuni."

Kisha akanifundisha, taratibu, kama vile hakunitukana. Kesho yake asubuhi nikamwita meneja na mama mbele ya saa. Nikawasha feni, mshale ukacheza. Nikazima, ukatulia. Meneja akanisogezea kalamu. "Saini tu, kijana. Ukikataa, kosa litakuwa lako."

"Ni langu," nikasema. "Sisaini."

Nikakata umeme, nikachukua kisu, nikakata mafundo yangu yote mbele yake. Waya wa kipimajoto nikaupitisha ukuta wa pili, mbali na wa mota. Palipokuwa lazima zikutane, nikazikatisha kama njia panda, zisilale sambamba. Wavu nikauacha na ethi upande mmoja tu, kule kwenye saa, maana ukiungwa pande mbili wenyewe unakuwa njia ya kelele. Nikarudisha umeme, nikawasha feni. Mshale ukatulia tuli.

Meneja akamwambia mama arudi kazini. Mama Devota akavuta kiti chake, akakaa kazini kwake. Aliyefukuzwa ni mimi.

Watu waliniita mjinga. Waniite! Hata wewe nakusikia ukisema, mzee, ungesaini tu, mnyonge hana haki. Nami nakuuliza, nani alimnyima? Mnyonge hana haki kwa sababu fundi mwenye cheti amesaini. Maneno ya wahenga nayaheshimu, lakini ukiletewa methali ikufanye mwoga, irudishe kwa aliyeileta.

Basi shika haya, mwanangu. Kipimo kikiyumba, usimkimbilie anayekisoma. Anza na waya ulioulaza wewe. Chenye sauti ndogo kitenge na chenye kelele, hata kama macho yanapenda kuviona pamoja. Aliyekaa na mtambo kutwa msikilize, hata kama hajui jina la chuo chako. Na ukikosea, kisu cha kukata fundo kishike wewe mwenyewe.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kufungua ulichokifunga vibaya. Akupe wazee wa kukutukana kwa faida yako. Na siku utakapoletewa ile kalamu nzuri, mwanangu, Mungu aukaushe wino wake.