Biti Sabini na Mbili

Sauti ninayoikumbuka zaidi ni ya milango ya chuma ikifungwa saa sita mchana. Mtaani kwetu Kariakoo maduka ya Wahindi yalifungwa kwa mapumziko ya mchana, na milango ile ya kukunja ilivutwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia upande wa soko hadi mwisho wa mtaa, mpaka zikabaki kelele za wasukuma mikokoteni peke yake. Kwangu sauti hiyo ilikuwa kengele. Nilikuwa mtoto wa pekee, mwoga wa watu, na shuleni niliweza kumaliza wiki bila kumsemesha mwenzangu ila kuomba kifutio. Mama alikuwa anafua na kupiga pasi kwa familia moja ya Kihindu iliyouza vyombo vya jikoni chini na kuishi ghorofani, na mimi nikitoka shule nilipanda kumngoja huko. Ngazi zilinuka bizari na ubani wa vijiti. Juu nilivua ndara, nikamwamkia Mama Hansa, naye akaitikia marahaba huku akinisukumia kisahani cha chevda, vile vitafunwa vya dengu na karanga zenye pilipili. Kisha binti yake Hansa, aliyekuwa rika langu, alinivuta mkono bila kusema neno.

Hakusema neno kwa sababu baba yake alikuwa amelala. Bwana yule alijinyoosha kwenye mkeka ukumbini, shati kifuani limefunguliwa vifungo, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mpaka aamke mtu yeyote asitoe sauti. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na televisheni na mashine ya gemu aliyoileta ami yake Hansa kutoka Dubai. Stesheni za televisheni za hapa nyumbani ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, na mchana hazikuwa na kitu, kwa hiyo kioo kilikuwa chetu. Tulizima sauti kabisa. Tulicheza mchezo wa vifaru viwili vinavyolinda ukuta wa matofali, cha njano changu, cha kijani cha Hansa. Kwa kuwa tulikatazwa kuongea, tulisemeshana kwa viwiko: kiwiko kimoja, ngoja; viwili, nenda, mimi nitalinda. Sijui kama kuna mtu mwingine ambaye urafiki wake wa kwanza ulikuwa wa namna hiyo. Kwangu ulinifaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Pale kutosema hakukuwa kasoro, kulikuwa adabu, na kwa saa mbili kila siku nilikuwa mtoto kama watoto wengine.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu ambavyo wazazi wetu walivipanga foleni, au hawakuviona kabisa, vilikuwa vimemwagika barabarani Kariakoo, na kila kitu kilikuja ndani ya boksi lenye namba kubwa. Redio ilikuwa na namba, pasi ilikuwa na namba, hata tochi. Watu hawakuwa na njia nyingine ya kujua kizuri na kibovu, basi wakawa wananunua namba. Kwenye gemu namba hiyo iliitwa biti. Wavulana wa mtaani, walioingia kwenye vibanda vya gemu kwa zamu, waliwekana vyeo kwa biti za mashine walizowahi kuzigusa. Aliyegusa kumi na sita alimwambia wa nane, "Wewe kaa huko na vitukuu, huku wanaongea wakubwa." Sisi kule ghorofani hatukujua tuna biti ngapi, na hatukuwahi kuulizana.

Tuliulizana baada ya Hansa kuhamishwa shule. Baba yake alimpeleka kwenye shule mpya ya kulipia, ambako masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na huko akakaa dawati moja na Bhavna, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Siku moja mchana alikuwa amekaa nami kama kawaida, kifaru chake cha kijani kinazubaa, nikampiga viwiko viwili, asiende. Akaninong'oneza, "Kwa Bhavna ni biti kumi na sita, Zuhura. Hata mawingu yanatembea." Nikamwuliza hii yetu ina ngapi. "Nane tu," akasema. Wiki iliyofuata nilipanda ngazi nikakuta chumba cha nyuma kitupu. Mama Hansa aliniambia, "Ameenda kwa Bhavna. Kaa, kula." Nikala. Nikasikiliza maji ya mama yangu yakimwagika bafuni na mkoromo wa bwana ukumbini. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu.

Mtoto akiachwa hutafuta sababu anayoweza kuirekebisha. Mimi nilipewa namba, nikaishika. Ndugu yake mama, Mjomba Shomari, alikuwa na meza ya saa na redio Mtaa wa Kongo, na siku hizo alianza kuweka na mashine za gemu. Nilimwendea jioni, nikasimama pembeni ya meza mpaka wateja wakapungua, kwa maana mbele ya watu sikuweza kufungua mdomo.

"Mjomba, biti ndiyo nini?"

"Biti ni nguvu, kama farasi wa gari," akasema. "Hiyo ya kwa Wahindi wenu ina ngapi?"

"Nane."

"Hiyo baiskeli. Ona hii." Akaliinua boksi moja lililopondeka kona, lenye namba sitini na nne nyekundu, kubwa kuliko picha. "Hii ni treni, Zuhura. Ukiiwasha, shika kitanda."

Nilimwomba siku nyingi, bila maneno mengi, kwa kusimama tu pale kila jioni. Mwishowe alichoka kuniona. Akanipa, akasema kona ile ilishaifanya isiuzike, na nimwambie mama asije kumgombeza. Mama hakumgombeza. Aliliangalia boksi, akaniangalia mimi, akasema, "Hilo liache hapa nyumbani, mwanangu." Sikumsikia. Nilikwisha kupiga hesabu kwamba sitini na nne inameza kumi na sita mara nne nzima.

Siku niliyolipeleka, Hansa alikuwepo, na Bhavna alikuwepo pia. Walikuwa bado na sare zao mpya, tai zimelegezwa. Bhavna alisoma namba kwenye boksi, akamwambia Hansa kitu kwa Kigujarati, wote wakacheka kidogo, kisha Hansa akaacha kucheka. Tukaunganisha waya. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, na ikaja orodha ya michezo. Ilikuwa orodha ile ile. Majina yale yale, yamejirudiarudia kwa mpangilio ule ule, na nilipobonyeza, ukaja ukuta wa matofali na vifaru vyetu viwili, cha njano na cha kijani, vimesimama pale pale tulipozoea kuviacha.

"Ni ile ile," Bhavna akasema. "Wameivalisha koti tu. Na koti lenyewe la mtumba." Hakunong'ona, na ukumbini baba yake Hansa akakohoa na kugeuka.

Hansa alichukua pedi ya pili ya kuchezea. Tulicheza mara moja. Nilimgusa kwa kiwiko, naye akanigusa, lakini alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Tulipomaliza akasema wana kazi ya shule, wanaenda kuifanya kwa Bhavna. Mlangoni akarudi, akachomoa mashine yao kutoka chini ya televisheni, akaniwekea mikononi na waya zake zote. "Chukua na hii, Zuhura. Mimi siichezi tena." Alikuwa na nia njema, nililiona hilo usoni kwake, na ndiyo maana sikuweza kukataa. Nikashuka ngazi nimeikumbatia, na boksi langu juu yake.

Muda mfupi baadaye familia ile ilinunua mashine ya kufulia, nayo ilikuja na namba yake kwenye boksi, na mama hakuwa na kazi tena pale. Sikupanda ngazi zile tena. Nilikuwa na biti sabini na mbili, nyingi kuliko mtoto yeyote mtaani, na pedi nne. Kwenye televisheni yetu ndogo isiyo na rangi vifaru vyote viwili vilikuwa vya kijivu.

Sasa ni mimi mwenye meza Kariakoo. Nauza chaja na vifaa vya simu, na vijana wananiuliza namba kabla ya salamu. Nimejifunza polepole kwamba biti si nguvu. Ni upana wa mlango wa ghala, basi. Mashine ya biti nane hupitisha namba kwa mafungu madogo, na namba kubwa zaidi inayoweza kuibeba kwa safari moja ni mia mbili hamsini na tano. Ikizidi hapo inagawa mzigo, inaenda safari mbili, na mzigo unafika. Biti kumi na sita ni mlango mpana zaidi. Mlango hausemi msukuma mkokoteni ana mbio kiasi gani, wala ghalani kumepangwa nini. Mawingu ya kwa Bhavna yalitembezwa na sehemu nyingine kabisa, iliyotengenezwa kwa kazi ya picha. Hata wenye viwanda walicheza na namba hiyo: kuna mashine zilizouzwa kwa jina la kumi na sita wakati ubongo wake ni wa nane, na kuna waliojumlisha visehemu viwili ili boksi lisomeke vizuri. Mashine zangu mbili nilizifungua zote kwa bisibisi. Ndani ya kila moja kulikuwa na bodi ile ile ya kijani, na katikati tone lile lile jeusi kama lami lililofunika ubongo wake.

Nilikuwa nadhani nilimpoteza Hansa kwa sababu ya biti. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba alipata shule nyingine, lugha nyingine na dawati lenye mtu. Hakuna boksi ambalo mjomba angeniuzia au kunipa kwa hilo.

Maduka ya hapa siku hizi hayafungwi mchana, na mjukuu wa Mjomba Shomari hucheza kwenye simu na watu asiowajua, akiwapigia kelele kwa jina. Mimi ninayo bado ile mashine ya Hansa. Siku za Jumapili, meza ikiwa imefunikwa, huiunganisha kwenye televisheni ya rangi, nikazima sauti kwa mazoea, nikachagua wachezaji wawili. Cha njano kinaondoka. Cha kijani kinabaki kando ya ukuta, mdomo wa mzinga umeelekea juu, kama Hansa alivyokuwa anakiacha alipoenda kunywa maji.