Bawa la Élodie

Élodie alikulia mtaa wa Cimpunda, chini ya meza ya cherehani ya mama yake, Rosette. Alijua kukata pagne, vitenge vya wateja, kabla ya kujua kusoma. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: nyoosha kitambaa, ndege na maua yake yasimame wima. Mteja akiona ndege wamelala kwenye nguo yake, harudi.

Alipokuja kuwa mhandisi, alitaka kuipa mitumbwi ya Ziwa Kivu tanga jipya: bawa refu, jembamba, la vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyogandishwa kwa gundi. Upepo ukizidi, bawa lijipinde lenyewe na kuuachia upite. Tonton Bisimwa, kaka yake Rosette, akang'oa injini, akamwazima mtumbwi wake wa kubebea mananasi ya kisiwa cha Idjwi.

Bawa la kwanza lilikataa kujipinda. Upepo ulilisukuma, likakaza shingo, na mtumbwi ukapinduka mbele ya wavuvi wa ufuko wa Muhumba.

“Inabakia mara moja tu,” Tonton akasema, maji yakimtoka masikioni. “Ukiniangusha tena, narudisha moteri yangu. Na mambo ya mabawa, kwisha!”

Wiki hiyo Rosette alikuwa akishona robe ya bibi arusi. Élodie akashangaa kuona kitambaa kimelazwa mshazari mezani.

“Maman, ndege wanalala!”

“Waache walale. Huyu anataka kucheza. Ukikata ya kulala, nguo inafuata mwili. Ya kusimama inabishana naye.”

Élodie akaitazama mikono yake. Katika hesabu zake za bawa aliandika kila tabaka lilazwe mshazari. Lakini alipofika kwenye kitambaa chenyewe, mikono ilinyoosha kila tabaka wima, kama ilivyozoea. Alicheka mpaka mama yake akaacha kushona.

Vitambaa vya bawa la pili alivilaza vyote mshazari.

Siku ya kwenda Idjwi na Tonton, Kassim, mvuvi mwenye mdomo kuliko wote, alimrushia kipande cha sabuni. “Injenieri! Leo usioge bure!” Ufuko mzima ukacheka. Élodie akakiweka ndani ya mtumbwi, sehemu ya mbele, akatweka bawa.

Katikati ya ziwa maji yaligeuka meusi, na upepo ukaja kwa ghafla. Tonton akaikamata rozari yake. Ncha ya bawa ikainama, ikajigeuza taratibu, kama mama anayempisha mtu mlangoni. Upepo ukapita. Mtumbwi ukasimama sawa, ukateleza mbele, povu likiimba pembeni.

“Iko inakimbia!” Tonton akapiga kelele, rozari hewani. “Mutoto wa Rosette, iko inakimbia!”

Walirudi kesho yake na mananasi hadi ukingoni, Tonton amesimama wima mbele kama chifu. Ufukoni hakucheka mtu. Élodie akashuka, akamwendea Kassim, akamwekea kitu kiganjani.

“Chukua sabuni yako, papa. Haijaguswa na maji.”