Sululu wa Mguu Mmoja

Eda yenyewe Bi Jokha aliiweza. Kilichomchosha ni kwamba ilimlazimu atumie macho ya Kidawa.

Mumewe, Suud, alifariki mwanzo wa kiangazi cha mwaka 1971. Kila kiangazi tangu Mapinduzi alikuwa akishuka mikokoni, hapo Mtoni, maji yakitoka, kuangalia ndege kwenye tope. Zamani alikuwa na darubini. Ikachukuliwa na askari, akaambiwa mtu mzima hachungulii bahari bila sababu. Akaendelea kwa macho matupu. Aliyempenda zaidi ni sululu mmoja, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, aliyekatika mguu. Kila mwaka alikuja nyuma ya wenzake, na Suud akaiandika siku hiyo kwenye daftari. Mistari saba. Neno lake la mwisho kitandani lilikuwa kumwuliza mkewe kama yule keshafika.

Sasa mjane yumo ndani miezi minne na siku kumi, na dirisha lake linatazama ukuta. Basi akawa anamtuma Kidawa, jirani yake, mke wa Machano.

Kidawa mtu mwema, lakini kuangalia hajui. Siku ya kwanza alirudi akasema ndege wapo. Ndege gani? Weupe. Siku ya pili alileta habari za kunguru, pamoja na mkasa mzima wa foleni ya mchele. Siku ya tatu alikuwa kaona kaa mkubwa. Bi Jokha akachora mdomo uliopinda kwenye unga, akakunja mguu, akachechemea chumba kizima, bibi wa miaka sitini, mpaka mtandio ukamdondoka. Kidawa alicheka, kisha akamtazama kwa huruma, akaenda zake.

Wiki nzima hakuonekana. Bi Jokha akawa anamlaani kimoyomoyo, anamwomba Mungu msamaha, kisha anamlaani tena.

Ijumaa baada ya sala Kidawa aliingia na bakuli lililofunikwa kawa. Aliamkia, akaitikiwa kwa mkato.

"Nshampata yule wako, Bi Jokha. Mguu mmoja, mdomo umepinda. Machano kamtega siku nne."

Bi Jokha akafunua kawa. Mchuzi wa nazi.

"Mtu akimtaja ndege kila siku, si hamu hiyo?" alisema Kidawa. "Na nyama siku hizi utaipata wapi? Sisi hatukugusa hata mchuzi wake."

Bi Jokha alitamani kumpiga kwa kawa. Alitamani kupiga kelele wamsikie mpaka Bububu. Lakini nyumba ya Kidawa ilikuwa haijaona nyama tangu Ramadhani, naye alilijua hilo, na hasira ikakosa pa kwenda.

"Mara ya kwanza mlimwona lini?" aliuliza.

"Jumatatu, maji yalipotoka."

Bi Jokha akalitoa daftari chini ya mto, akaandika mstari wa nane: Jumatatu, kafika. Kisha akanawa mikono, akalivuta bakuli, kwa kuwa Kidawa alikuwa ameshakaa mkekani, anangoja amwone akila.