Mrija wa Jairus Mukhisa

Jairus Mukhisa hakuzaliwa dukani. Mwaka 1931 alikuwa akishona magunia ya mahindi katika shamba la mzungu mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale. Miaka kumi baadaye alikuwa na duka la blanketi na chumvi huko Myanga, na kinu cha maji ambacho unga wake ulifika hadi Matisi, Kitale. Mkewe Edah, mwalimu wa shule, ndiye aliyemfundisha kuandika barua isiyo na kosa.

Mwaka 1954 aliomba kiti cha baraza la wilaya. Watu walimpenda, ila walilalamika kwamba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa linalokataza pombe, hakai nao. Agosti ile Wabwile, mkubwa wa ukoo wenye kura nyingi, alimtahirisha mwanawe, akamwalika Jairus na kumpa mrija kwenye chungu cha busaa, pombe ya nafaka. Kuukataa ni kumtukana mwenye boma. Jairus alitia mrija chunguni, akaubana kwa midomo, na hakuvuta hata tone.

Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa limesikia kwamba alilewa, na wazee wenzake wakamtaka ajieleze Jumapili iliyofuata. Waliompigia kampeni walimsihi akubali tu kwamba alikunywa. Akikana, Wabwile ataona alichezewa, na kiti kimekwenda.

Edah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Useme kweli," alimwambia. "Lakini anza kwa Wabwile. Asiisikie kwa watu."

Walikwenda pamoja asubuhi. Jairus alieleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Wabwile alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, huyu bwana yako ana shida. Tulikuwa wazee sita pale, na sote tuliona mashavu yake hayaingii ndani."

"Mbona hukusema, mzee?" Edah aliuliza.

"Si nilitaka kuona kama atakuja? Mtu ameshindwa kudanganya walevi sita, ati ataweza kudanganya wenye kura?"

Kanisani Jairus alirudia maneno yale yale. Walimwondoa kwenye benchi la wazee kwa miezi sita, si kwa kunywa, bali kwa kuigiza. Edah aliacha kiti chake cha mbele, akaenda kuketi naye nyuma, kichwa juu.

Siku ya kura watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Wa kwanza kusimama nyuma ya Jairus alikuwa Wabwile, na ukoo wake ukafuata mpaka mstari ukapita lango la soko.