Alama Nyekundu Upande Wetu

Labda ni mimi nina roho mbaya. Kwa hivyo naandika nilichoona, na pale sikuona nitasema sikuona.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda sokoni Mamboleo. Niliporudi, ukuta wetu wa mbele ulikuwa na X kubwa nyekundu. Hapa Kisumu hakuna asiyejua maana yake: nyumba itabomolewa. Mama alikuwa ndani peke yake. Akasema ni vijana wawili wa makoti ya kung'aa, na hawakutaja aliyewatuma. Magoti ya mama hayapandi ngazi tena. Tukibomolewa nikamhamishia ghorofani, nitakuwa nimemfunga.

Sasa, nyumba zetu ni pacha. Mkoloni aliyepanga huu mtaa alizijenga mbili mbili chini ya paa moja la vigae, ua wa miiba ya kayaba mbele, na katikati bomba moja la moshi, la kuotea moto, kwa hili joto letu! Ukuta wa kati ni wetu na wa jirani. Lakini upande wake haukuwa na X. Nusu ya nyumba inabomolewa namna gani?

Nikaanza kumchunguza. Kesho yake aliniona akiwa kwa simu, akashusha sauti. Kusema haki, hata mimi hushusha sauti.

"Huyo amewapa kitu," mama akasema.

"Mama, hujaona."

"Na wewe umeona kwamba hakuwapa?"

Nikaenda kwa jirani.

"Mzee, mbona sisi tumechorwa na wewe umeachwa?"

"Waliogopa mbwa."

"Hiyo mbwa yako inahepa hata kuku wangu!"

Akacheka. "Wao wangejuaje? Lakini nyinyi ndio mliwapa kiti na chai. Mimi pia najiuliza mliongea nini."

Hilo liliniuma, maana chai mama aliwapa kweli, mwenyewe aliniambia. Kumbe upande ule nao wanatuchunguza.

Halafu nikaona kando ya mlango wake pahali pamoja pamepakwa rangi mpya, upana wa meza. Ukuta uliobaki ni ule wa zamani, umechujuka. Akaona naangalia. Ningemwita mwongo hapo hapo, na pengine ningekosea. Nikawaza wale vijana wakirudi, wapate X ni yetu peke yetu.

"Hiyo rangi ilibaki?" nikauliza.

Akaingia ndani, akatoka na mkebe na brashi.

"Paka mara tatu," akasema polepole. "Ukipaka mara moja, nyekundu inatokea tena."

Sikumuuliza alijuaje. Kama aliwapa kitu au hakuwapa, mpaka leo sijui, na sitaandika kwamba najua. Wala sijui kama rangi itawazuia. Nilipaka mchana, watu wakipita, mama ameketi barazani ananionyesha pale nimeruka.