Simu za Saa Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni, taulo na mwanamume aliyekuwa akitetemeka mwili mzima. Nyumba yetu ya kuwasaidia walevi kuacha pombe ilikuwa Riruta, nyuma ya ploti za kupangisha, na kazi yangu iliitwa uhudumu wa chumba cha kwanza. Chumba cha kwanza ndipo mlevi anapokaa pombe ikimtoka mwilini, kabla hajaweza kuketi na wenzake. Sikuwa mgeni wa chumba hicho. Mimi mwenyewe nililala humo nikiwa nimejichafua, na aliyeniosha ni Mzee Zakayo, mshauri mkuu wa nyumba, seremala kutoka Vihiga aliyeacha chang'aa hata kabla mimi sijaionja. Mpaka leo nikiikumbuka mikono yake mgongoni mwangu naona haya.

"Usimhubirie," aliniambia asubuhi hiyo. "Mtu akiwa hapa hana masikio. Mpe uji. Akikataa uji, kaa tu na yeye."

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii na vyeti, msinicheke. Wakati huo cheti chetu kilikuwa kuacha pombe. Kanuni kubwa ya Zakayo ilikuwa simu kabla ya glasi. Kila aliyetoka kwetu alipewa mlezi, yaani mtu aliyetangulia kuacha, na kiu ikimshika lazima ampigie kabla hajanywa. Si lazima aseme ana kiu, maana wengi huona haya. Atauliza habari za mvua, au atalalamika kuhusu kuku wa jirani, na mlezi anayesikiliza ataelewa. Mlezi wangu alikuwa Zakayo. Nilimpigia sana, mpaka mke wangu akasema nimeoa mzee.

Nilihamishiwa Kinoo kuwa msimamizi wa zamu, nikarudishwa Riruta kama mshauri, kisha Mkurugenzi, mama mkali aliyependa ripoti fupi, akanipeleka ofisi ya mjini kufunza wafanyakazi wa makampuni. Nikaanza kuvaa tai. Kiu yangu ilikuwa imepungua, na simu zangu kwa Zakayo zikapungua nayo. Hapo ndipo yeye alipoanza kunipigia. Alikuwa ameshastaafu, mkewe amefariki, anaishi peke yake Woodley. Alipiga saa kumi na moja jioni, watu wanapotoka kazini na baa zinapoanza kujaa.

"Uko aje, mwanangu?"

"Niko sawa kabisa, Mzee. Sijagusa kitu."

"Vizuri. Huku mvua imekataa kunyesha."

"Haya, Mzee. Niko kwa mkutano kidogo."

Nilidhani ananikagua. Niliwasimulia wenzangu ofisini, tukacheka, kwamba nina mvi kichwani na mzee wangu bado ananilinda kama ndama. Simu zilipokoma nilifurahi. Nilisema moyoni, hatimaye ameniamini.

Haukupita muda Mkurugenzi akaniita. "Mzee wako ameonekana kwa baa Kawangware, tena asubuhi," akasema. "Daktari alishamwambia ini lake haliwezi kuhimili tena. Nenda."

Nilimkuta Woodley, mlango wazi, ameketi kitandani na viatu miguuni. Harufu niliijua. Nikavuta kiti nikaanza kazi yangu kama nilivyozoea.

"Mzee, tuchukue leo peke yake. Kesho tutaiona kesho."

"Hiyo nilikufunza mimi," akasema. "Leta ingine."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia kabla ya glasi. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nilikupigia. Kila jioni."

Nilihisi uso ukiwaka. Mimi niliyelipwa kusikiliza watu, niliyefundisha ukumbi mzima namna ya kuisikia kiu ndani ya habari za mvua, sikumuuliza hata mara moja, na wewe je? Nilitamani anioshe kwa matusi. Hakunitukana.

"Turudi Riruta, Mzee."

"Nikae mbele ya watu niliwatoa kwa mtaro? Wacha nife hapa."

"Mimi pia naona haya kwenda huko. Wakiniuliza ulikuwa wapi mlezi wako akianguka, nitasema nini?"

"Sema ulikuwa kwa mkutano."

Nilifungua tai, nikazima simu. Nilimuuliza kama ana kiu saa hiyo, akasema sana. Nikamwambia basi sitoki. Tuliongea kidogo kidogo, na kulipokucha aliomba nimtafutie koti lake.

Alipotoka chumba cha kwanza, nilimsindikiza kikaoni. Waliokuwepo walikuwa wapya, hakuna aliyemjua. Mama mmoja fundi wa nguo kutoka Kinoo, ambaye mikono yake ilikuwa bado haijatulia, alimsogezea kiti.

"Karibu, mzee. Mwanzo ndio ngumu. Utazoea."

Nilifungua mdomo nimweleze anamkaribisha nani. Zakayo akanikanyaga mguu.

"Asante, mama," akasema. "Naitwa Zakayo. Mimi ni mlevi, na hapa ni mgeni."

Hakunywa tena. Nilipostaafu walinifanyia karamu Riruta, nyama na soda, na nilimwekea Zakayo nafasi meza ya mbele. Alikataa, akaketi na wale wapya. Mkurugenzi alisimama akanisifu kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuacha simu ya mtu ikiita bila kuipokea. Ni kweli, nilizipokea zote. Zakayo alipiga makofi pamoja na wengine, na mimi nikainamia sahani yangu. Walidhani nalia kwa sababu ya kuaga.