Kuku wa Chupa ya Dawa

Kule tulikotoka, ng'ambo ya Ruvuma katika nchi ya Wareno, mganga alilipwa mgonjwa akishapona. Mgonjwa akienda kisimani kwa miguu yake, mganga alipelekewa kuku. Asipopona, mganga hakudai kitu. Alikuja mazikoni akalia kama wengine. Tulipohamia Tanganyika tuliambiwa huku ni kwa Mwingereza, mambo yamenyooka, na dawa ni bure.

Baba alipata kazi ya kukata mkonge upande wa Kibaha. Sisi alitupangia chumba Kisarawe, akawa anakuja Jumamosi. Mvua za kwanza mama akashikwa na homa, na baba akaenda kuomba dawa kwa dresa, mtoa dawa wa shambani kwao.

“Mkeo anakata mkonge?” dresa akamuuliza.

“Ananipikia mimi ninayekata.”

“Basi siku tutakapoanza kupika mkonge, mlete.”

Ikabaki zahanati ya Serikali pale Kisarawe. Nilimpeleka mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, ingawa shule haikunifundisha kusema mbele za watu. Mama aliniegemea begani, akiwaka kama jiko. Mkono wangu mwingine ulishika kibuyu kisafi, maana kwetu dawa ilitiwa kibuyuni.

Dresa wa pale alimgusa mama shingoni, akasema ni malaria, akachota kwinini ya maji. Ndipo akakiona kibuyu.

“Hiki nini?”

Nikakisogeza nyuma ya mgongo.

“Dawa ni bure, chupa ni yako.” Akanionyesha kikaratasi chenye mikato, kila mkato dawa ya mara moja. “Hiki hubandikwa kwenye chupa, ili muone dawa imefika wapi. Kwenye kibuyu utaona nini? Haya, mwingine!”

Nje, ukutani, alikaa bibi mmoja wa Kizaramo na ungo wa chupa: za siki, za marashi, za pombe ya Wazungu zilizosuguliwa kwa mchanga. Wenyeji walikuja na chupa zao kutoka nyumbani, kwa hiyo wateja wake walikuwa wageni watupu. Bei aliikadiria kwa kumtazama mgonjwa. Anayetembea, bei ndogo. Anayebebwa, bei kubwa. Mama alikuwa ameegemea, tukawa bei ya kati.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umefuata chupa au kivuli?”

Pesa sikuwa nayo, na maneno yaliniishia kwenye shikamoo. Mama ndiye aliyesema, midomo ikimtetemeka, kwamba atatoa kuku akipona.

“Akipona!” Bibi alicheka mpaka chupa zikagongana. “Na usipopona, mwanangu?”

“Basi hulipwi,” mama akasema, kama mtu anayeeleza kwamba mvua inalowesha.

Bibi akazishika chupa zisigongane. “Kuku mwenyewe yukoje?”

“Mweusi. Anataga.”

Akachagua chupa kubwa kuliko zote.

Usiku ule mama hakunitambua. Aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, nami nikaitika. Kulipopambazuka bibi alikuwa mlangoni. Aliitazama mikato ya chupa, akamziba mama pua, akammiminia. Mchana alileta uji. Wageni waliokuja kupiga soga aliwafukuza kwa mwiko. Dresa, ambaye mshahara wake ulikuja tuishi au tufe, hakumkumbuka mama tena, mpaka chupa ilipokwisha na bibi akaenda nayo mwenyewe.

“Jaza mpaka shingoni, mwanangu! Nina kuku wangu mle ndani!”

Mama alipona. Lakini mwezi ule kuku naye alikuwa akitaga kila siku, na mayai ndiyo yaliyotununulia chumvi na mafuta ya taa. Kila aliposikia makubadhi ya bibi uani, mama alikimbilia mkekani, akajifunika kanga na kuguna.

“Bado, bibi. Mifupa.”

Bibi akanigeukia. “Mjukuu wangu, mama yako alikula nini jana?”

Nikatazama miguu yangu.

“Ahaa. Basi alikula vizuri.”

Kesho yake alikuja na chupa imejaa pomoni. “Homa hii kaidi,” alisema kwa huruma nyingi. “Tutaanza upya. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Mjukuu, mshike miguu.”

Mama aliisikia harufu ya kwinini kabla kizibo hakijatoka. Akainuka, akapita katikati yetu, akatoka uani kumkamata kuku. Kuku hakuwa tayari. Wakazunguka jiko, wakaingia kwenye mihogo, wakatokea kwa jirani, mama akiruka matuta na kanga ameifunga kibwebwe. Alirudi na kuku mkononi, wala hahemi.

Bibi alimwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua kazi yake.

“Kapona,” akaniambia. Akambana kuku kwapani, akanyoosha mkono. “Chupa yangu nayo.”

“Si tumeinunua, bibi?” Sijui sauti ile niliitoa wapi.

“Kuku ni wa kuuguza,” akasema. “Chupa inangojwa na mgeni mwingine.”